Aliyeona Hawezi Kusema Hakujua



Tumezoea katika kurasa hizi kuandika juu ya haki ya mjane, mshahara wa kibarua na ardhi ya mnyonge. Safari hii tunaandika juu ya chombo ambacho wengi wetu hatujapata kukiona, ingawa chenyewe kimeundwa kwa ajili ya kuwaona wanadamu. Nacho ni helikopta ndogo isiyo na rubani, ambayo majeshi huituma kupeleleza na kuchunguza yanayotendeka chini.

Huenda mtu akauliza: mambo hayo yanawahusu nini wakulima na wavuvi wa parokia zetu? Tunajibu kwamba yanawahusu sana. Vita vya siku hizi havipiganwi mbali na makazi ya watu, bali katikati yake. Na jicho linaloruka juu ya mapigano huruka pia juu ya uga wa mama anayepika na juu ya shule ya watoto. Tena vijana wetu walio askari wamekwisha kutumwa katika nchi ambazo anga lake lilikuwa na macho ya namna hiyo. Hatuna budi basi kuielewa habari hii, na kuipima kwa kipimo cha haki.

CHOMBO CHENYEWE

Helikopta hutofautiana na ndege ya mabawa kwa jambo moja kubwa: yaweza kusimama angani. Ndege ya mabawa sharti iendelee mbele, la sivyo itaanguka. Helikopta, kwa nguvu ya mapanga yake yanayozunguka, hutulia mahali pamoja, juu ya ukuta au mbele ya dirisha, ikatazama kwa muda inaoutaka mwenye kuiongoza. Wala haihitaji uwanja. Huondoka kwenye sitaha ya meli, au hata kiganjani mwa askari. Ndiyo maana majeshi yaliitamani tangu zamani.

Jeshi la majini la Marekani lilikuwa na helikopta iliyoitwa QH-50, iliyoruka bila mtu ndani yake kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Ilibuniwa ili ibebe silaha za kupigia nyambizi. Leo zipo za kila kipimo. Kampuni ya Schiebel ya Austria, ambayo ilijulikana kwanza kwa vifaa vya kutafutia mabomu yaliyotegwa ardhini, hutengeneza helikopta iitwayo Camcopter S-100. Urefu wake ni mita 3 hivi, uzito wake pamoja na mzigo hauzidi kilo 200, na yaweza kukaa angani saa 6 ikiwa imebeba kamera. Majeshi ya nchi kadhaa huitumia, hasa baharini.

Kampuni ya Prox Dynamics ya Norway nayo ilitengeneza kitu cha kustaajabisha zaidi, kiitwacho Black Hornet, yaani nyigu mweusi. Toleo lililopelekwa vitani kwanza lilikuwa na urefu wa sentimita 10 hivi na uzito wa gramu 16, ambao haufikii hata nusu ya uzito wa yai la kuku. Lilibeba kamera ndogo tatu, na liliweza kuruka kwa dakika 25 hivi. Ilipofika mwaka 2013 askari wa Uingereza walikuwa wakilitumia nchini Afghanistan kuchungulia nyuma ya kuta na juu ya mapaa kabla ya kusogea. Ilitangazwa wakati huo kwamba nyigu 160 hivi walinunuliwa kwa mkataba wa pauni milioni 20. Mwezi Agosti 2022, Uingereza na Norway zilitangaza kuipatia Ukraine nyigu 850 wa toleo la baadaye.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi tunapoviona vikielea angani tujue vivyo hivyo, kwamba vimeundwa na watu, vimenunuliwa na watu, na nyuma ya kamera wako watu wanaotazama. Chombo hakina dhambi wala fadhila. Dhamana ni ya watu hao, na ni juu yao tunataka kusema.

HOJA YA WANAOKITETEA

Wanaokitetea chombo hiki hutoa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba kinaokoa maisha ya askari. Zamani, ili kujua kilichoko ng'ambo ya ukuta, kijana mmoja alipaswa kwenda kuchungulia, na mara nyingi hakurudi. Sasa huenda mashine; ikipigwa, hakuna mama anayelia. Hoja ya pili ni kwamba chombo hiki hakina silaha. Chaona tu, nako kuona si kuua.

Hoja ya kwanza tunaikubali pasipo shida. Askari naye ni mtoto wa mtu, na maisha yake ni ya thamani kama maisha yetu. Wala upelelezi si jambo la jana. Musa aliwatuma watu 12 kuipeleleza nchi ya Kanaani. Yoshua aliwatuma wawili Yeriko, wakafichwa darini na Rahabu. Kanuni za Hague za mwaka 1907 juu ya vita vya nchi kavu huhesabu kutafuta habari za adui kuwa jambo linaloruhusiwa. Tena chombo cha upelelezi chaweza kufanya kazi njema kabisa. Mashine ndogo iitwayo T-Hawk, iliyotumiwa na Wamarekani kutafutia mabomu ya barabarani nchini Iraki, ilirushwa mwaka 2011 juu ya mitambo ya nyuklia iliyoharibika huko Fukushima, Japani, mahali ambapo mionzi ilimzuia mtu kukaribia. Nani atailaumu kazi hiyo?

Hoja ya pili ndiyo tunayoikataa. Si kweli kwamba anayeona tu hana hatia. Mambo mengi katika historia fupi ya vyombo hivi yanatushuhudia.

JICHO NA MKONO

Turudi kwenye ile QH-50. Wakati wa vita vya Vietnam, baadhi ya helikopta hizo zilifungwa kamera za televisheni, zikatumwa juu ya pwani ili kuzitafutia shabaha manowari zilizokuwa mbali baharini. Zikiwa katika kazi hiyo, helikopta ziliona na mizinga ikapiga. Je, mtu aliyekuwa chini aliuawa na nini? Aliuawa na jicho na mzinga kwa pamoja. Mzinga usingempata bila jicho, nalo jicho halikutumwa kule kwa sababu nyingine ila hiyo.

Maandiko Matakatifu yanatupatia mfano wa mfalme aliyetazama kutoka juu. Daudi alikuwa darini pa jumba lake jioni, akamwona Batsheba. Hakuanza kwa upanga. Alianza kwa kutazama. Mwisho wake aliandika barua, na kwa barua hiyo Uria Mhiti akawekwa mahali pa hatari, akafa. Mfalme hakuushika upanga hata kidogo. Hata hivyo nabii Nathani hakuikubali hesabu ya namna hiyo, ya kwamba mmoja alitazama, mwingine akapeleka barua, mwingine akapiga, hata mwishowe pasionekane mwenye kosa. Alimwendea yule aliyekuwa juu darini, akamwambia kwamba damu ni yake.

Siku hizi umbali kati ya jicho na mkono umezidi kuwa mfupi. Helikopta ndogo zenye mapanga manne, zile zinazouzwa madukani na kupigia picha za harusi hata katika miji yetu, zimetumiwa na pande zote mbili katika vita vya Ukraine. Kwanza kwa kutazama, kisha kwa kuangusha mabomu madogo juu ya waliotazamwa. Mwezi Mei 2025 tume huru ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa kuhusu Ukraine ilieleza kwamba mashambulizi ya droni za majeshi ya Urusi dhidi ya raia katika eneo la Kherson yalikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Waliopigwa walikuwa watu waliokuwa njiani kwa miguu au katika magari yao, na hata magari ya wagonjwa hayakuachwa. Aliyekiongoza chombo alikuwa na picha mbele ya macho yake. Hapo huwezi kusema kwamba bomu lilipotea njia. Mtu alimwona mtu mwenzake, akamchagua.

WAJIBU WA ALIYEONA

Hapa ndipo lilipo neno tunalotaka mlichukue kwenda nalo katika jumuiya zenu. Kadiri mtu anavyopewa uwezo wa kuona, ndivyo anavyopoteza udhuru wa kutojua.

Sheria ya mataifa yenyewe inasema hivyo kwa lugha yake. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, katika ibara ya 57 inawataka wanaopanga au kuamua shambulio wafanye kila linalowezekana kuhakikisha kwamba wanaowalenga si raia, na kulisimamisha shambulio ikidhihirika kwamba shabaha siyo. Tulitafakari neno hilo, kila linalowezekana. Kwa askari wa zamani aliyelala nyuma ya kichuguu, lililowezekana lilikuwa dogo. Kwa jeshi lenye kamera inayotulia juu ya kijiji, lenye kioo kinachoonyesha joto la mwili wa mtu gizani, linalowezekana ni kubwa mno. Sheria ni ile ile, lakini deni limeongezeka. Mfano wa talanta unatufundisha hivyo hivyo: hesabu hulingana na kile ulichokabidhiwa.

Mwenye macho haambiwi tazama. Mara ngapi, baada ya shambulio kuwaua watoto na wazee, tumesikia wakubwa wakisema, "Hatukujua"? Jeshi lililokuwa na jicho juu ya nyumba kwa dakika 20 kabla ya kuipiga limeipoteza haki ya kulitumia neno hilo. Ama liliona likapiga, ama halikutaka kutazama vema. Na yote mawili yanadai majibu.

Ni kweli kwamba jicho laweza kudanganyika. Tarehe 21 Februari 2010, katika mkoa wa Uruzgan nchini Afghanistan, wanajeshi wa Marekani waliufuatilia kwa saa kadhaa msafara wa magari matatu. Chombo kilichotumika kutazama kilikuwa ndege kubwa ya mabawa isiyo na rubani, wala si helikopta ndogo, lakini somo ni moja. Waliokuwa wakitazama picha mbali sana na pale waliwahesabu wasafiri kuwa wapiganaji, helikopta za kivita zikaitwa, na raia wasiopungua 15 wakauawa. Uchunguzi wa jeshi lenyewe uliwalaumu watazamaji kwa taarifa zisizo sahihi. Picha walikuwa nayo; walichokosa ni nia ya kuuliza kama ni raia. Kutoka juu, jembe hufanana na bunduki machoni pa mtu aliyekwisha kuamua kuona bunduki. Kwa hiyo hatusemi kwamba kamera huleta ukweli. Twasema kwamba humwekea anayeitumia mzigo wa kuutafuta.

Kuna na jambo la picha zenyewe. Yule nyigu wa Norway hatunzi picha mwilini mwake. Picha hurudi na kuhifadhiwa katika kifaa anachokibeba askari, ili nyigu akianguka mikononi mwa adui asipatikane na kitu. Kwa akili ya vita hilo ni la busara. Lakini tulione na upande wa pili. Maana yake ni kwamba mahali fulani, mikononi mwa mtu fulani, picha ipo. Kijiji kinapolia kwamba waliouawa walikuwa wavunaji, na jeshi linaposema walikuwa wapiganaji, si lazima yawe maneno dhidi ya maneno. Yaweza kuwapo ya kuamulia. Nani mwenye haki ya kuidai picha hiyo? Na nani mwenye uwezo wa kuifuta usiku ule ule?

KUONA NA KUSHUKA

Msifikiri kwamba tunaandika ili kuwafundisha kukichukia chombo. Ile Camcopter ya Austria inatupatia ushuhuda mwingine.

Mwezi Julai 2013 Papa Fransisko alikwenda kisiwa cha Lampedusa kuwaombea wahamiaji waliozama katika bahari ya Mediteranea, na kuulaumu ulimwengu uliozoea kuyaona mateso ya wengine pasipo kuguswa. Mwezi Oktoba mwaka ule ule, watu zaidi ya 360 walizama karibu na kisiwa hicho hicho. Watu wa ndoa walioishi Malta, Christopher na Regina Catrambone, waliguswa na mwito huo, wakaanzisha shirika la uokoaji liitwalo MOAS, wakanunua meli, wakaiita Phoenix. Juu ya meli hiyo waliweka Camcopter mbili. Mwezi Agosti 2014 walianza kazi. Helikopta ziliruka mbele ya meli zikitafuta mashua zilizojaa watu. Zikiona, meli ilikwenda. Katika siku 60 za kwanza walisaidia kuwaokoa watu karibu 3,000.

Ni chombo kile kile kinachotumiwa na majeshi, chenye kamera na mapanga yale yale. Tofauti yao ni swali ambalo mtazamaji alikuwa nalo moyoni: "Nani anahitaji kuokolewa?" Katika mfano wa Msamaria, watu watatu waliopita njia ile walimwona mtu aliyejeruhiwa. Kuhani aliona, Mlawi aliona, Msamaria naye aliona. Macho ya wote watatu yalikuwa mazima. Aliyehesabiwa jirani ni yule ambaye kuona kwake kulimshusha juu ya mnyama wake. Ndivyo Mungu alivyojifunulia Musa katika kile kichaka: aliyaona mateso ya watu wake, na kwa kuwa aliyaona, akashuka.

Tutaje na kazi ya tatu, iliyo kati ya vita na uokoaji, nayo ni kushuhudia. Tangu Oktoba 2014 ujumbe wa Shirika la Usalama na Ushirikiano wa Ulaya ulizirusha Camcopter mashariki ya Ukraine, ili kuona kama mapatano ya kusimamisha mapigano yanaheshimiwa. Hazikuwa na silaha, wala hazikuwa za upande wowote. Hata hivyo zilipigwa risasi, na mawimbi yao ya redio yakavurugwa. Mwezi Oktoba 2018 chombo kimojawapo kilipotea usiku, baada ya kuuona msafara wa malori karibu na mpaka wa Urusi. Mtenda maovu hulichukia jicho la shahidi kuliko anavyoichukia bunduki ya adui.

Lakini ushuhuda huo ulifika wapi? Mwaka 2022 vita kubwa ilianza, na tarehe 31 Machi ujumbe ule ukafikia mwisho wake. Yaliyoonekana yaliandikwa kila siku, yakasomwa na wakubwa wa mataifa. Kuona kulikuwapo, kushuka hakukuwapo.

KISICHOPIGA HODI

Twende sasa karibu na nyumbani, kwa jirani zetu wa Kongo. Tarehe 3 Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulizindua mjini Goma matumizi ya ndege zake za upelelezi zisizo na rubani, aina ya Falco kutoka Italia. Hizo nazo zilikuwa za mabawa, zisizo na silaha. Katika kikosi cha Umoja wa Mataifa huko Kivu walikuwamo askari wa Tanzania, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi. Mwezi Mei 2014 ndege mojawapo iliiona mashua iliyokuwa ikizama katika ziwa Kivu, vyombo vya uokoaji vikatumwa, na watu kadhaa wakapona. Tunamshukuru Mungu kwa hao. Lakini mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilitekwa na waasi wa M23, na maelfu ya watu wakakimbia tena na magodoro vichwani. Miaka mingi ya kuutazama mkoa ule kutoka juu haikuwapatia amani watu walioko chini.

Tukumbuke pia kwamba chombo cha kuona tu chaweza kuua hata bila kumlenga mtu. Mwezi Oktoba 2006 ndege ya upelelezi isiyo na rubani ya jeshi la Ubelgiji, iliyokuwa Kongo pamoja na kikosi cha Umoja wa Ulaya wakati wa uchaguzi, ilianguka mjini Kinshasa ikamwua mwanamke mmoja. Mwaka 2012 Camcopter ilianguka huko Incheon, Korea Kusini, ikamwua mhandisi. Wanaosema kwamba hakuna mama anayelia wanamsahau mama aliyeko chini.

Tena kuna madhara ambayo hayatoi damu. Kwetu, mtu haingii katika uga wa mwenzake pasipo kupiga hodi, naye hangoji ndani bali nje, mpaka asikie karibu. Desturi hiyo si adabu tupu. Yakiri kwamba nyumba ya maskini, hata ikiwa ya makuti, ina heshima na mipaka yake. Helikopta ya upelelezi haipigi hodi. Yaona waliokaa barazani, wanaooga nyuma ya kiambaza, waliokusanyika msibani, walioitisha mkutano wa kudai haki zao. Wapo watakaosema kwamba macho hayana pazia. Ni kweli, macho hayana; ndiyo sababu wazee wetu waliipa nyumba pazia. Kinachoanza kama chombo cha vita mpakani hakichelewi kugeuzwa kuwa chombo cha kuwahesabu wananchi wakati wa uchaguzi, ili ijulikane nani alihudhuria mkutano wa nani. Watu wanaojua kwamba wanatazamwa daima, tena na wasiyemjua, huanza kuogopana wao kwa wao.

TUNAYOYADAI

Baada ya kuyapima hayo yote, sisi tunaona kwamba mambo manne yafaa yadaiwe kwa sauti moja.

Kwanza, wabunge wetu waulize. Kila serikali inapotaka kulinunulia jeshi au polisi macho ya angani, wawakilishi wa wananchi wajue ni nani atakayetazama, kwa amri ya nani, picha zitakaa wapi na kwa muda gani. Siri ya vita ina mahali pake. Lakini kanuni za matumizi si siri ya vita.

Pili, picha ziwe ushahidi. Pale raia anapouawa katika operesheni iliyotazamwa kutoka angani, kuzifuta picha kuhesabiwe kuwa kosa, na uchunguzi usio wa jeshi peke yake upewe kuziona. Jeshi lisilo na la kuficha litanufaika, kwa maana picha hizo zaweza pia kumtetea askari aliyesingiziwa.

Tatu, uamuzi wa kuua usiachiwe mashine. Sasa kuna vyombo vinavyoweza kutazama na kuchambua picha vyenyewe, na wanaotaka vipewe na ruhusa ya kupiga. Papa Fransisko, alipozungumza na wakuu wa mataifa ya G7 nchini Italia mwezi Juni 2024, miezi kumi kabla ya kifo chake, alikataa kabisa kwamba mashine ichague kuutoa uhai wa mtu, akaomba silaha za namna hiyo zipigwe marufuku. Tunaungana naye. Mashine haina dhamiri ya kuisumbua usiku. Na mtu akiwekwa kando, nabii Nathani atamwendea nani?

Nne, na hili ni letu wenyewe, tuwe mashahidi wa huku chini. Aliyeko juu ana kamera. Sisi tuna majina. Katika parokia zilizoko mipakani, na popote penye fujo, kamati ya haki na amani iwe na daftari, na katika daftari hilo yaandikwe bila kutia chumvi tarehe, saa, mahali, aliyeumizwa, na kilichoonekana au kusikika angani. Majina ya wanaotoa habari yatunzwe vema, wasije wakadhurika. Siku watakapokuja wachunguzi, saa iliyoandikwa na katekista kijijini italinganishwa na saa iliyoandikwa kwenye picha, na hapo neno "Hatukujua" litapimwa.

Tunaziomba jumuiya zilijadili jambo hili katika mwezi huu, tukianza na swali moja ambalo halihitaji elimu ya helikopta. Sisi wenyewe, tunaoyaona mateso ya jirani kila siku kutoka barazani petu, pasipo kamera yoyote, tumeshuka mara ngapi? Majibu ya swali hilo na yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari tulilolitaja.